Bei ilishuka, wateja wakapungua: kisa cha duka moja la mitumba

Majina, mahali na kila alama ya kumtambulisha mtu vimeondolewa. Wahusika nawaita kwa kazi zao. Ninayoyaeleza niliyaona katika miezi tisa ya kujitolea chumba cha nyuma, nikichambua nguo, na mengine yanatoka kwenye daftari ambalo habari zake zinakuja mbele.

## Usuli

Duka ni la taasisi ya hisani. Watu huleta nguo walizozichoka, tunazichambua, tunaziwekea bei na kuzitundika, na kinachopatikana kinaendesha kazi za taasisi. Mtindo huu una umri. Mwaka 1902 mchungaji Edgar Helms alianza kukusanya nguo na vyombo kutoka mitaa ya wenye uwezo mjini Boston, Marekani, akawaajiri maskini kuvitengeneza, kisha vikauzwa kwa bei ndogo. Huko ndiko ilikotoka Goodwill, taasisi ya maduka ya mitumba. Oxfam, shirika la misaada, nao walifungua duka lao mjini Oxford, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940. Nawataja kwa sababu moja tu: waliamua nguo ziuzwe, wakati wangeweza kuzigawa bure. Sikuwahi kuutilia maanani uamuzi huo mpaka mambo yalipotuharibikia.

Tulikuwa na msimamizi wa kulipwa, keshia, na watu watano au sita wa kujitolea. Mauzo yalikuwa yakishuka kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Msimamizi alikuwa na maelezo yake, na sitasema yalikuwa ya kipuuzi. Nguo mpya za viwandani zimekuwa rahisi mno. Halafu kuna intaneti: eBay ilianza mwaka 1995, Vinted ikaanza Lithuania mwaka 2008, na leo mtu anapiga picha gauni lake na kuliuza akiwa amelala kitandani.

"Mtu anakuja hapa kwa sababu ya bei," msimamizi alituambia kikaoni. "Bei yetu ikikaribia ya nguo mpya, atakuja kufanya nini?"

Hakuna aliyembishia. Mimi mwenyewe niliitikia kwa kichwa.

## Uamuzi wa kwanza: kushusha bei

Bei zilishushwa karibu nusu, duka zima, siku moja. Wiki ya kwanza tulichangamka. Wiki ya pili ikaanza foleni mlangoni kabla hatujafungua, na ilikuwa ya watu walewale wanne watano, kila mmoja na mifuko mikubwa ya kubebea. Hawa hawakutazama nguo kama mtu anayetafuta la kuvaa. Mkono mmoja ulipita kwenye reli ukigusa vitambaa huku macho yako kwingine, na ulipokutana na sufu au kitani ulisimama wenyewe. Kwenye suruali za jinzi waligeuza mfuko wa nyuma kutafuta kile kijitambaa chekundu cha Levi's. Herufi ya pili, E, ikiwa kubwa, suruali hiyo ni ya kabla ya mabadiliko ya mwaka 1971, na kuna mkusanyaji mahali fulani atakayeilipia mara nyingi ya bei yetu. Nguo ya Kimarekani isiyo na maelekezo ya kufulia nayo iliwasimamisha, maana sheria ya huko ilianza kuyadai mwaka 1972. Niseme kweli, niliwastaajabia. Walijua kazi yetu kuliko sisi.

Kufikia saa tano asubuhi reli zilikuwa zimekonda. Wateja wetu wa siku zote hupita jioni wakitoka kazini, na walichokuta ni masalia: sweta za poliesta zilizoota vifundo vya nyuzi kwapani, fulana za mikutano ya kampuni, suruali zenye zipu zilizokata tamaa. Mama mmoja aliyekuwa hakosi kila Alhamisi aliniuliza kama tumebadilisha wanakotoka wafadhili wetu. Hatukubadilisha kitu. Nguo zilikuwa zilezile, ila zilikuwa zimeshaondoka kabla yeye hajatoka kazini.

Tukauza nguo nyingi zaidi kwa pesa kidogo zaidi. Hilo lilikuwa hesabu tu, lingeweza kurekebishwa. La pili halikurekebishika. Bibi mmoja alikuwa ameleta koti la marehemu mumewe, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa kwa karatasi. Siku chache baadaye aliingia akalikuta limetundikwa kwa bei ya jozi ya soksi. Hakugombana na mtu. Alilitoa kwenye kiango, akalilipia, akaondoka nalo mkononi. Meza ya kupokelea nguo hakuikaribia tena.

## Uamuzi wa pili: kulipanga duka

Msimamizi aliona sasa kwamba tatizo ni sura ya duka. Nguo zikapangwa kwa rangi, nyeupe mpaka nyeusi. Taa zikabadilishwa. Kona ya nyuma kulikuwa na kreti kubwa la mbao tulilokuwa tukitupia vitu visivyo na kwao: skafu, mikanda, nguo za watoto wachanga, tai, pochi za mkono. Sisi tuliliita bahari. Bahari ikaondolewa.

Duka lilipendeza. Watu waliingia, wakasifu, wakazunguka mara moja, wakatoka mikono mitupu. Wale wa zamani waliokuwa wakikaa nusu saa walimaliza kwa dakika tano, kwa kuwa kila kitu kilionekana tangu mlangoni. Lakini siwezi kudai uamuzi huu ulikuwa hasara tupu. Tulipata sura mpya pia, watu ambao nadhani wasingeingia duka linalonuka mitumba. Kijana mmoja alimwambia keshia kwamba alipita hapo miaka miwili bila kujua kuwa nguo zetu zimeshavaliwa.

Katika kipindi hichohicho tuliweka nje sanduku la nguo za bure: zilizopungua kifungo, zenye doa dogo, zilizofumuka pindo. Mchana kutwa hakuna aliyeligusa. Asubuhi tulilikuta tupu. Msimamizi alidhani ni wezi, akawa analiingiza ndani usiku. Basi likakaa limejaa wiki tatu, tukaliondoa.

## Daftari la chumba cha kujaribia

Keshia alikuwa ameagizwa kumuuliza kila mnunuzi kaunta: kwa nini unanunua nguo za mitumba? Majibu yalirudi mawili, bei na mazingira, tena yakifuatana na aina ya mtu kwa namna ya kutia shaka. Waliovaa vizuri walisema mazingira. Wengine walisema bei, kwa sauti ya chini, wakitazama pochi.

Aliyetufungua macho ni fundi wetu wa cherehani, mama mstaafu aliyekaa karibu na chumba cha kujaribia nguo akiwapindia watu suruali. "Humu ndani hakuna anayetaja bei," alisema. "Wanataja miili yao."

Tukalihamishia swali kwake, na tukalibadilisha. Badala ya kwa nini, aliuliza: ulikuwa unatafuta nini? Kwa wiki sita aliandika majibu kwa penseli, kwa hati yake ya zamani iliyolala.

Mwanamke aliyejifungua karibuni alitafuta suruali mbili za kumvusha miezi michache. Hakujua mwili utatulia wapi, na hakutaka kuuvalisha kwa gharama mwili anaoupitia tu. Mwanaume wa mabega mapana alitafuta shati la mtindo wa zamani, kwa sababu mashati ya sasa yanamkaba kwapani. Mzazi alileta mtoto wa miezi mitano. Katika umri huo mtoto huwa ameshafikisha mara mbili ya uzito aliozaliwa nao, kwa hiyo nguo inamkataa kabla haijachuja. Nyingi tulizopokea za umri huo zilikuwa hazijafuliwa mara kumi. Mtu mwenye ngozi inayowasha alitafuta pamba iliyofuliwa sana, maana nguo mpya nyingi hupakwa dawa za kuzuia mikunjo, nyingine zenye fomaldehaidi, na kufuliwa mara nyingi huzipunguza. Mzee mmoja alisema hajanunua shati jipya tangu tarehe 24 Aprili 2013, siku jengo la Rana Plaza lilipoporomoka Bangladesh na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao washonaji wa nguo za kuuzwa nje. Tarehe aliitaja bila kuitafuta. Kijana mmoja alijaribu koti la rangi ya zambarau, akajitazama muda mrefu, akalirudisha. Wiki iliyofuata akaja kulichukua. Fundi aliandika tu: "alikuwa anajipima kama anaweza."

Na wengi, wengi kweli, walijibu: sitafuti kitu, nimepita tu. Hilo nalo fundi aliliandika, kila mara.

Nieleze jambo moja nililoliona mwenyewe. Mama wa Alhamisi alishika koti la sufu la kijivu. Jambo la kwanza alilipindua nje ndani. Akavuta bitana pale mkono unapoungana na bega, ambapo mshono huanza kuachia. Akanusa kwapa. Akainua viwiko kuelekea taa, akatafuta mahali mwanga unapopenya. Akapitisha vidole kwenye ukosi polepole akitafuta vitundu vidogo, kwa sababu funza wa nondo hula sufu na huanzia mahali penye jasho na giza. Akahesabu vifungo. Akatafuta kifungo cha akiba ndani ya pindo, akakikuta, akatabasamu. Ndipo akaligeuza na kuangalia kama ni zuri. Yote hayo yalichukua kama dakika kumi, na bei aliitazama mwisho.

Koti jipya lingemtaka aamini. Hili lilikuwa limeshavaliwa, limenyeshewa, limefuliwa. Kama lilikuwa la kusinyaa, limesinyaa, na kama rangi ilikuwa ya kuchuja, imechuja. Vipimo alivyopima ndivyo vitakavyokuwa mwakani.

## Tulichobadilisha

Baada ya wiki sita msimamizi alikubali kujaribu, bila furaha. Fundi alitufundisha kuweka bei kwa kitambaa na hali ya nguo. Sufu, kitani na hariri zikapanda, nyingine juu kuliko bei ya kabla ya punguzo. Nguo za watoto zikabaki chini. Mzigo ukaanza kutolewa mara tatu kwa siku, wa mwisho jioni. Bahari ikarudi konani, lakini mpangilio wa rangi na taa mpya tuliuacha kwa ajili ya wale wageni.

Tulianza pia kuandika kasoro kwenye lebo ya bei: kifungo kimoja hakipo, doa dogo mkono wa kushoto, zipu inakwama. Keshia alihofu tutafukuza watu. Ikawa wanasoma lebo, wanatafuta kasoro, wakiiona wanaridhika kwamba hakuna nyingine.

Makoti ya ngozi bandia tuliacha kuyauza kabisa. Tulikuwa tumeuza moja linalong'aa, halina hata mkwaruzo, na kabla ya mwezi kuisha mnunuzi alilirudisha mgongo umebabuka, limemwachia magamba meusi kwenye kiti cha basi. Ule utando wa poliyurethani huvunjwa na unyevu wa hewa miaka inavyokwenda, hata koti likiwa kabatini, na siku ya kuvaliwa ndiyo siku ya kuumbuka. Pesa zake alirudishiwa.

Tulikosea tena mahali pamoja. Tuliweka sharti kwamba saa ya kwanza hakuna kununua zaidi ya nguo tano. Walanguzi, wale wa foleni ya asubuhi, wakaja na binamu zao.

## Matokeo

Baada ya miezi minne hivi mauzo yalirudi yalipokuwa kabla ya punguzo. Kwenye makoti yalipita kidogo, kwingine hapana. Wateja wa jioni walirudi, ingawa si wote. Walanguzi wawili walibaki, wakinunua kwa bei yetu mpya, na mmoja wao alianza kutuletea vitu vilivyomshinda kuuza, jambo ambalo sikulitarajia. Yule bibi wa koti la mumewe hakurudi.

Msimamizi hadi leo anaamini kilichotuokoa ni baridi. Siwezi kumkatalia moja kwa moja: mabadiliko yetu yalianza majira ya baridi yakibisha hodi, na makoti yangeuzika vyovyote. Lakini baridi haielezi kwa nini skafu na mikanda ya bahari, iliyokaa hapo miaka, iliuzwa mara tu ilipotupwa tena kwenye kreti lake.

## Uchambuzi

Kosa la kwanza lilikuwa kuchukua neno "bei" kama linavyosemwa. Bei ndiyo inayomwingiza mtu dukani mara ya kwanza, sikatai, na kwa baadhi ya familia ndiyo sababu pekee isiyohitaji nyingine. Ila kwenye mitumba mnunuzi hajui historia ya nguo, naye husoma bei kama ushahidi. Koti zuri lenye bei ya soksi humfanya ajiulize linaficha nini. Zaidi ya hapo, bei ya chini iliyo sawa kwa kila kitu haimfikii mhitaji. Humfikia mwenye nafasi asubuhi na mwenye kujua E kubwa na E ndogo. Sisi tulidhani tunawapunguzia wateja wetu mzigo, kumbe tulikuwa tunawagharimia walanguzi mtaji.

Bahari ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwamba njiwa anayepata punje bila kujua ni donoo la ngapi litakaloleta hudonoa kwa ukaidi kuliko anayejua. Anayesema "nimepita tu" yuko hapo. Kuopoa skafu ya hariri chini ya tai ishirini mbovu kuna raha isiyo na uhusiano na bei yake. Ile skafu umeipata, hukuuziwa. Tulipolipanga duka kwa rangi na kuiondoa bahari tulilinyang'anya raha hiyo, na hakuna mteja angeweza kutuambia, kwa sababu nani ataandika kwenye fomu kwamba alikuja kuchakura?

Lakini kani hiyohiyo ndiyo ya kamari, nami nimeona upande wake mbaya. Mteja mmoja wa karibu kila siku alituletea mifuko miwili ya nguo kama mchango. Nilipoifungua chumba cha nyuma, zaidi ya nguo kumi zilikuwa bado na lebo zetu za bei. Mwanamke huyo kaunta alikuwa akijibu "mazingira". Fulana moja ya pamba hukadiriwa kutumia lita 2,700 za maji tangu shambani, na hesabu hiyo ina maana pale mtumba unapochukua nafasi ya fulana mpya. Yeye hakuwa amebadilisha kitu na kitu, alikuwa ameongeza. Sikumwambia. Nilikata lebo, nikazitundika upya.

Kuhusu ubora wa nguo za zamani, wateja wanasema kweli nusu. Ndiyo, koti la kijivu lilishonwa vizuri kuliko mengi ya sasa. Ila mabovu ya enzi yake hatuyaoni kwa sababu yalikwisha kuwa matambara zamani. Tunachokipima ni manusura. Kwa mnunuzi hilo halibadilishi kitu, maana yeye ananunua manusura, hanunui enzi.

Aibu ndiyo iliyotuponyoka kabisa. Swali tulilolibadilisha na kulihamisha hatua kumi kutoka kaunta lilitoa majibu tofauti. Kaunta mtu anajibu mbele ya foleni: mwenye uwezo anatafuta sababu ya heshima, asiye na uwezo anataja bei kabla hajahukumiwa. Nyuma ya pazia, akiwa na suruali isiyopanda nyonga, anasema kilichomleta. Na sanduku la bure lilikuwa limeshatufundisha hayo yote kama tungesikiliza. Watu walizitaka zile nguo, wakawa wanazifuata usiku. Helms aliuza kwa bei ndogo, na mtu aliyelipa hata kidogo anatoka mlangoni kama mnunuzi. Tulipozitia nguo zilezile za sandukuni ndani ya bahari kwa bei ndogo kabisa, zilikwisha mchana kweupe.

Daftari lenyewe lina mapungufu. Lilisikia wanaojaribu nguo, na wanaume wengi hawajaribu, hupima kwa macho na kulipa. Asiyekanyaga duka la mitumba kabisa hayumo. Na fundi, kwa mapenzi yake, aliandika kwa urefu wale aliowapenda.

Suala la mzigo wa jioni bado halijatulia. Wiki niliyoondoka, mmoja wa wale walanguzi wawili alikuwa ameshaigundua saa yake. Nilimkuta kwenye reli ya sufu, mama wa Alhamisi amesimama kando yake, na kila mmoja wao ameshika mkono mmoja wa sweta ileile, wakitazamana kwa adabu, hakuna anayeachia.